Safu ya Wengineo

Walinipa kiti cha plastiki, daftari, penseli mbili,
na fomu ya safu nne zilizopigwa rula:
motoka, lori, pikipiki, wengineo.
Siku tatu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri,
kwenye kona ya kwenda Ruashi,
hapo penye shimo linalomzidi umri kitindamimba wangu.
"Hesabu tu, Mama Mujinga," alisema Enjenia Kaumba.
"Usifikirie."

Mtu huhesabuje bila kufikiri?

Jua halijatoka, motoka zilikuwa tatu.
Safu ya wengineo ilikuwa imejaa hadi chini,
nikageuza karatasi, nikaendelea mgongoni mwake:
watoto wa shule, mashati meupe yaliyokwisha kuonja udongo mwekundu,
muuguzi aliyeshika viatu mkononi avivae mlangoni pa kazi,
mwanamke na beseni la vinkubala,
kipofu na mjukuu anayemsomea barabara:
"Lori, nkambo. Bado. Bado. Sasa."
Niliwapigia vijiti viwili,
ingawa walivuka kwa macho mawili tu.

Halafu watu wa makala.
Husikika kabla ya kuonekana:
mnyororo mkavu, pumzi, gunia likisugua gunia.
Wametoka porini usiku wa manane,
wanasukuma, hawapandi;
aliyepanda ni mzigo.

Huku Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga.
Sijaona kinga isiyo na kinga kama hiyo:
kulia mtaro, kushoto lori la shaba,
magurudumu kumi na manane yanayoteremka bila kuomba radhi.
Shemeji yangu Musonda alibaki hapo, kiangazi cha mwaka juzi.
Ripoti nimeisoma mwenyewe:
magunia manne, yamepasuka.
Baiskeli moja, haifai.
Nikasoma tena, nikatafuta chini ya muhuri,
nikatafuta nyuma.

Siku ya tatu Enjenia alitandaza mchoro juu ya boneti.
Ulikuwa mzuri, sitasema uongo.
Miti kandokando. Njia ya miguu iliyoinuliwa.
Kivuko chenye kisiwa katikati, mtu apumue.
Na mstari wa kijani: kinga, mita moja na nusu.
Aliyechorwa humo alikuwa mwembamba kama mbu,
ana kofia, amenyooka,
hana hata kifurushi cha chumvi.

"Huyu anakwenda wapi?" nikauliza.
"Ni mfano tu, Mama."

Nikamsimamisha Kapya, magunia matano,
jasho likimchuruzika hadi kwenye kandambili.
Nikashika ncha moja ya utepe, Enjenia akashika nyingine.
Gunia hadi gunia, halafu yeye mwenyewe,
kwa kuwa anasukuma kwa ubavu:
mita moja na sentimita themanini,
kiwiko hatujakitia.

Enjenia alikuna sikio.
"Nikiongeza huku, motoka zitapita wapi?"
"Zitafinyana."
"Wenyewe watapiga kelele."
"Ndiyo. Wana honi."

Kapya hakungoja uamuzi. Jua likipanda, bei hushuka.
"Mmalize kunipima," alisema, "au mninunue."
Akainamisha kichwa, akaegemea usukani,
na magunia yakaanza tena kutembea.
Nyuma yangu ufutio ulikuwa unasugua karatasi,
polepole, kama mtu anayekwangua ukoko wa bukari,
na vumbi lake likianguka kwenye boneti.

Nikarudi kitini.
Nilimpigia Kapya kijiti,
kisha, sijui mkono ulitumwa na nani, kingine.
Jioni Enjenia alilinganisha na hesabu ya mwenzangu wa ng'ambo,
akasema yangu imezidi mtu mmoja.
Nikamwambia aiache hivyo.