Bei Nzuri

Mume wangu Mwinjuma hanunui kitu kwa bei ya kwanza.
Hata msumari wa inchi mbili
atauulizia Buguruni, atauulizia Tandika,
atarudi Buguruni na tope la safari mbili,
kaokoa shilingi mia, meno yote nje.

Kwa hiyo sikushangaa Ijumaa usiku,
chandarua kimeshushwa,
kuona uso wake unabadilika rangi:
kijani, njano, buluu,
kampuni tatu ndani ya simu moja yenye ufa.

"Wenyeji wakishinda, huku wanatoa moja na themanini na tano.
Huku moja na tisini.
Huku, ngoja, mtandao unavuta miguu,
huku mbili, mama Tausi! Mbili kamili!"
Ananong'ona, mtoto asiamke,
kama mtu aliyeokota pochi msikitini.

Ana daftari la Tausi la mwaka jana.
Mbele: Ng'ombe ana miguu minne.
Nyuma: mistari ya rula,
wenyeji, sare, wageni.
Anaandika kwa penseli, maana bei hizi hazilali;
ukienda kunywa maji, ukirudi
mbili imeshakuwa moja na tisini na tatu.
Anafuta, anapuliza,
karatasi imetoboka hapo penye sare.

Mimi nauza vitumbua. Dazeni naijua gizani.
Nikamwambia, lete hiyo buluu yako.
Wenyeji mbili, sare tatu, wageni nne?
Nikampangia kwenye sinia.
Weka sita kwa wenyeji, virudi kumi na viwili.
Weka vinne kwa sare, virudi kumi na viwili.
Vitatu kwa wageni, kumi na viwili vilevile.
Mpira ulale utakavyolala, dazeni yako inarudi.
Sasa hesabu ulivyotoa.

Akahesabu kwa kidole.
Akahesabu tena kuanzia upande wa pili,
kama kuku aliyepotelewa na kifaranga.
Kumi na vitatu.
"Na hiki kimoja?"
Hicho wamekula wenye sinia.

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda.
"Ndiyo maana natembea!" akasema.
"Wenyeji buluu, sare kijani, wageni njano,
nakimega hicho kitumbua chao, nakimega,
mpaka wabaki na ukingo."
Na kweli, tulipopiga hesabu ulibaki ukingo tu,
ule mwembamba unaoungua kwanza.
Lakini ulibaki.

Tena Mwinjuma hachukui yote matatu.
Anachukua wenyeji. Anawapenda.
Shilingi elfu mbili kwa mbili kamili:
kampuni ya kijani ingempunja mia tatu.
Bando la kuwazungukia wote, mia tano.
Hiyo mia tano haina mstari wake daftarini.

Jumamosi akaenda kutazama kwa Chande fundi viatu.
Kutoka uani kwangu niliusikia mtaa ukipanda, ukipanda,
kisha dakika ya themanini na nane
ukanyamaza kama mafuta yaliyomwagiwa unga.
Wageni. Kwa kichwa. Kona ambayo, anaapa, haikuwa kona.

Akaja, akavua viatu,
akakaa mkekani, ule wa ukili aliosuka mama Rufiji,
miaka tisa, hata uzi haujafumuka.
"Mkeka umechanika," akasema.
Nilitazama chini kwanza.
Nikamsogezea chai.
Akaikoroga muda mrefu, na sukari sikuwa nimeweka.

"Lakini wao, pale kwa Chande," akasema,
"wote walichukua kwa themanini na tano.
Mimi nimeliwa kwa bei nzuri."

Sikumjibu. Nilitaka kumcheka vizuri, kwa nafasi, asubuhi.

Asubuhi mchele ulikuwa umekwisha.
Nikapita duka la kona bila kusimama,
nikapita la pili,
nikavuka hadi la tatu, wanakopunguza mia kwa kilo.
Nilikuwa nimeshashusha ndoo, jasho linanitiririka,
ndipo nikakumbuka nilikuwa nataka kumcheka nani.