Ibara ya Saba

Nimeichapa mara nne ibara hii.
Mara ya kwanza ilisema: "Daktari anatarajiwa kuwepo wodini
hadi saa tisa na nusu alasiri."
Anatarajiwa. Kama mvua ya vuli. Kama mgeni wa Idi
ambaye pilau yake imefunikwa kawa mpaka ikapoa.

Mimi karani tu, chumba cha mwisho baada ya stoo ya dawa za kufanyia usafi,
feni inazunguka ikikohoa.
Kikaoni sikuitwa. Lakini karatasi zote hupita kwangu.

Saa saba mchana namjua kila daktari kwa mlio wa gari lake.
Likishika Barabara ya Kumi na Mbili, anakwenda zahanati yake;
likishika Raskazone, ya rafiki yake.
Dada yangu Mwanatumu alingoja tangu saa saba ile hadi magharibi,
mtoto ametanguliza matako,
mkunga anapiga simu, inaita, inaita.
Tulimzika mtoto kabla hajapewa jina.

Basi nilitaka kuichapa ibara kwa meno.

Ila Alhamisi Daktari Shekibula alikuja kuchukua nakala.
Kiti alikikataa, akasema akikaa atalala.
Akaegemea kabati la mafaili,
kotini doa la damu ya mtu wa jana,
akaweka kidole kwenye ibara ya nane:
"Mwajiri atalipa posho ya usiku, fedha zikipatikana."
"Miezi kumi na minne hazijapatikana," akasema.
"Zimepotelea wapi, Sempombe? Nani anazitafuta?"

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Kumbe mkataba una matundu mawili,
moja la daktari kutokea, moja la serikali,
na hapo katikati, juu ya kanga iliyotandikwa sakafuni,
amelala Mwanatumu.

Siku tatu walibishana. Birika la tangawizi likaingia, likatoka.
Jana rasimu imerudi na wino mwekundu:
"anatarajiwa kuwepo" imekatwa, juu yake "atakuwepo".
"Fedha zikipatikana" imekatwa, juu yake hapana kitu,
nukta tu, nzito, imetoboa karatasi.

Ahadi ni deni, tulifundishwa chuoni.
Hatukufundishwa deni hilo hudaiwa ofisi gani.

Nimechapa. Nimesoma kwa sauti, peke yangu.
Sahihi bado.
Saa saba imegonga, natega sikio uani:
injini moja imewaka.
Sijui kama inatoka,
au ni mtu anageuza gari lake kivulini.