Kilo Arubaini na Mbili

Bwana Suwedi alinunua tanuu la chokaa, Micheweni,
mwaka ule karafuu zilipomgomea.
Akaja na mizani yake ileile,
ya kupimia karafuu kavu na makonyo,
akaitundika kwenye boriti ya banda.

Mawe yakapimwa: kilo mia kamili.
Mawe ya matumbawe, yenye matundu matundu,
baba aliyavunja kwa nyundo tangu alfajiri.
Kuni zikawaka usiku, na mchana, na usiku.
Siku ya tatu wakafukua, wakapima.
Hamsini na nane.

"Makame," akasema, "nyingine ziko wapi?"

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.
Aliuliza kama mtu anayeuliza saa,
na wachanja kuni wote wakatazama miguu yao.
Karafuu hupungua, najua, akasema,
mbichi ina maji, jua huyanywa.
Lakini jiwe? Jiwe lina maji gani?

Usiku ule muhogo ulipoa sahanini.
Baba alikaa akikunja vidole, akikunjua,
kana kwamba kilo arubaini na mbili
zingeweza kujificha kiganjani.

Mimi nilikuwa kidato cha pili.
Atomu nilizijua kama nijuavyo miji ya Ulaya:
majina, basi.
Skuli yetu haina maabara. Ina kabati,
kabati lina kufuli, ufunguo uko Wete.
Mwalimu Bimize hufundisha kwa chupa za soda na ndimu.

Nikamuuliza: Mwalimu, moto huiba?

Hakucheka. Akaandika ubaoni:
kalsiamu, arubaini.
Kaboni, kumi na mbili.
Oksijeni, kumi na sita, nazo ni tatu.
"Jumlisha."
Mia.
Nywele zikanisimama. Mia ileile ya Bwana Suwedi.
"Sasa tia moto. Kaboni inaondoka
imeshikana mikono na oksijeni mbili.
Waliotoka?"
Arubaini na nne.
"Waliobaki nyumbani?"
Hamsini na sita.
"Zile mbili za juu ni mchanga, na mawe yasiyoiva.
Baba yako hakuiba," akasema, akipangusa chaki kwenye kanga,
"baba yako kazidisha."

Jioni nikaenda barazani kwa Bwana Suwedi
na glasi ya maji ya chokaa,
niliyoyaacha yatuame mpaka yakang'aa,
na bomba la kalamu lisilo wino.
Puliza, usinyonye, Mwalimu alinionya mara tatu.
Nikapuliza.
Maji yakageuka kama tui la mwisho,
lile la kukamulia machicha.

Kilichotoka kifuani mwangu, nikamwambia,
ndicho kilichotoka kwenye mawe yako.

"Hewa," akasema. "Hewa nayo ina kilo?"

Nikakosa la kusema. Nilikuwa na hesabu, sikuwa na maneno.
Akaniomba glasi nyingine.
Mtu mzima, kofia ya viua, mashavu yamevimba,
akapuliza mpaka mjukuu wake akatoka ndani kutazama.
Akaishika glasi kwenye mwanga wa taa, muda mrefu,
yale maziwa yake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Na hizo arubaini na mbili nani atanilipa?"

"Ukuta," nikajibu.
Izimue chokaa kwa maji, ipake, kisha ngoja.
Itavuta ileile hewa, kidogo kidogo,
miezi, labda miaka,
mpaka irudi kuwa jiwe.

Baba alilipwa Ijumaa,
pungufu ya elfu mbili, "za kuni."
Radhi hakuombwa. Lakini mizani haikuonekana tena bandani.

Ukuta wa uani kwa Bwana Suwedi baba ndiye aliyeupaka.
Nikitoka skuli hupitia njia ile, naubandika kiganja.
Baridi. Mgumu kidogo kuliko jana,
au najidanganya.
Nasimama hapo, natoa pumzi karibu yake,
nikamlipie mtu deni lake.