Konda Asiyeonja

Kwenye faili la baba, nesi Sheeba ameandika
kwa wino wa buluu: Hutaja baa.
Kila siku saa kumi na moja jioni, hutaja baa.
Kisha alama ya kuuliza, kubwa kama ndoana.

Akanivuta kando, karibu na jokofu la dawa:
"Samahani. Mzee alikuwa mtu wa chupa?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta.
Clarence Staniforth, konda namba mia saba kumi na nne,
Mmethodisti aliyenusa keki ya harusi yangu,
akahisi brandi, akairudisha sahani!
Miaka ishirini na miwili katika tramu za Sheffield
aliulisha mji mzima majina ya vilevi
na povu halikumgusa mdomo.

Sasa angetaja nini, kwenye kilima kile?
Nyumba matofali yaleyale, weusi uleule,
masizi yamekula namba za milango.
Makanisa yalikuwepo, manne,
lakini nani aliwahi kumwambia konda
"Nishushe Ebeneza"?

Basi alivuta kamba ya kengele akaita.

Kondoo na Bendera!
Wakashuka wafua chuma,
makoo makavu kama tanuri walizoziacha.

Kengele Tano!
Wakashuka wasichana wa kung'arisha visu,
aproni zao za magazeti,
habari za juzi zimelowa mafuta mapajani.

Mwanamke Kimya!
Pale penye ubao wa bibi aliyechorwa bila kichwa
alishuka mama, wakati huo bado Ivy Dungworth,
na kila mara alimkazia konda macho
mpaka konda akageukia dirisha.
Hivyo ndivyo walivyochumbiana: kwa kushuka.

Desemba moja ukungu uliuziba mji,
dereva hakuuona hata mkono wake.
Baba akatangulia mbele ya tramu na taa ya karabai,
akitafuta njia kwa pua:
kimea, hapa ni Kondoo;
maini ya kukaanga na vitunguu, Kengele;
pumba za mbao zilizolowa bia, Mwanamke.
Walevi waliokuwa ndani ya tramu walipotea.
Asiyeonja akawafikisha.

Reli ziling'olewa. Yakaja mabasi,
halafu baa nazo zikaanza kufa, moja moja,
bila matanga.
Kondoo anauza matairi.
Kengele Tano ni vyumba vya wanafunzi, baiskeli kwenye balkoni.
Mwanamke Kimya aliungua usiku wa Jumapili,
na hakuna aliyesema kitu.

Ndani ya basi, sauti ya mashine
hutaja barabara na makutano, kwa adabu, bila kukosea.
Hakuna anayeisikiliza.
Wiki jana kijana wa Kiyemeni, begi la shule begani,
alimwambia mwenzake kwenye simu,
"Nashuka Kengele Tano, ningoje pale."
Alizaliwa kengele zimeshashushwa.
Naye, kama baba, nadhani hajui ladha yake.

Nilimweleza Sheeba yote haya, chai ikapoa.
Akakata ile alama ya kuuliza, mstari mmoja,
akaandika juu yake: Yuko kazini.

Jana nilikuwapo saa kumi na moja.
Aliita Kondoo, aliita Kengele. Baada ya Mwanamke akakwama,
mkono juu, umeshika kamba ambayo haipo.
Sheeba, akikunja shuka kitanda cha pili,
akamsaidia bila kugeuka: "Pipa Kuu!"
"Pipa Kuu," baba akakubali, kwa ukali kidogo,
kama mtu aliyeingiliwa kazi.

Kisha akaniona.
"Wewe dada, unakwenda wapi?"
Nikasema, hadi mwisho.
"Mwisho hakuna baa," akasema. "Kuna geti la makaburi.
Tramu inageuzia pale."
Akachana ukingo wa kitambaa cha karatasi,
akanipa,
na kiganja kikabaki wazi mbele yangu,
kinangoja nauli.