Upande wa Pili wa Ubao

Mnunuzi amesema ifikapo Jumatatu ukumbi uwe mtupu.
Ataweka matairi humu. Sawa, matairi nayo yanahitaji paa.
Wamebaki wanachama wanne, na mmoja wao, Clement,
haoni tena karata anazozishika.
Mimi si mwanachama. Mimi ni mwenye funguo:
miaka thelathini na mmoja nimekaanga samaki kila Ijumaa ya Kwaresima,
nimepiga deki, nimehesabu chenji za bingo.

Kitabu cha mikutano, kona zake zimeliwa na panya,
kinaanza majira ya baridi ya 1920:
wanaume ishirini na mmoja juu ya duka la mbegu,
jiko la makaa halitoshi, makoti hayajavuliwa.
Ajenda: jina.
Mtu akamtaja Emil Kubicek, mwana wa msaga ngano.
Wawili wakapinga. Emil hakuiona Ufaransa,
hakusikia hata mzinga mmoja.
Mafua yalimkuta kambini Kansas, Oktoba,
akafia juu ya godoro la majani,
buti mpya chini ya kitanda.
Katibu ameandika, wino umepauka:
Swali: Alipoitwa, alikwenda au hakwenda?
Jibu: Alikwenda.
Basi.
Kumi na tisa kwa wawili.

Mwaka 1946 likaongezwa la pili, Verlin Ostdiek,
mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege.
Bahari ya kaskazini ilimchukua na ndege yake
isirudishe hata kifungo.
Baba yake, Alois, alikuwa fundi rangi.
Aliomba jambo moja: ubao auandike yeye.
Na kila Mei aliupandia ngazi, akaushusha,
akaupeleka karakana yake siku mbili,
akaurudisha unang'aa, njano ya kiini cha yai.
Hakuna aliyethubutu kumshikia ngazi.

Sasa kaka yangu.
Darrell Wanek alirudi. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.
Alirudi kutoka Vietnam na vidole kumi, meno yote,
akala chakula cha mama bila kuinua macho,
akalala banda la trekta miaka mitatu,
milango wazi, hata theluji ikiingia.
Machi ya 1974 tulimkuta humo.
Mama hakusema zaidi, nami sisemi.

Baba alivaa tai, akaleta ombi.
Wa kwanza kusimama alikuwa Alois.
"Kanuni ni kanuni," akasema. "Aliyerudi, amerudi."
Sheria ni msumeno, wengine wakaitikia,
na msumeno ukapita.
Baba alivua tai mlangoni. Hakukanyaga tena hapa.

Nami nikamchukia yule mzee kwa utaratibu,
kama mtu anavyomwagilia ua dirishani,
hata baada ya kumzika.
Ukiniuliza mbona nilikuja kufanya kazi humu, sina jibu.
Labda nilitaka kumwona mtu mmoja akiona haya.

Leo asubuhi nimepanda na bisibisi.
Skrubu nane. Moja ilikataa,
nikaitukana kwa Kicheki cha bibi.
Ubao ukashuka, mzito kuliko nilivyodhani,
nikaugeuza niufute utando wa buibui.

Njano ya kiini cha yai.
K ileile ya Kubicek, yenye mguu mrefu.
DARRELL WANEK.
Si kwa haraka, si kama mwizi:
kwa rula, mistari ya penseli bado ipo.
Nimeparua pembeni kwa ukucha,
tabaka chini ya tabaka, saba, nane, tisa,
Mei baada ya Mei, hadi ile aliyokufa.

Msumeno, kumbe, hukata mbele na nyuma.

Mnunuzi anapiga honi nje.
Anauliza, je, ule ubao ni wa kutupa?
Nimemwambia asubiri.
Nimeketi nao mapajani,
sijui niulaze kwa uso upi.