Hakuna Aliyezima

Tulipopita Pongwe, Ambakisye akapunguza mwendo.
Nikadhani mnyororo tena.
Nikamfikia ubavuni, nikapiga honi, nikamwonyesha chini kwa kidole: vipi?
Helmeti ikatikisika, hapana,
akaendelea kutambaa, ishirini, kumi na tano kwa saa,
baiskeli za watu wa kwetu zikitupita
na mikate, na mitungi ya gesi,
na mtoto wa shule mmoja aliyegeuka kutucheka.

Siku sita toka Kasanga,
ambako tulichovya magurudumu ya mbele ziwani
kama watu wanaobatiza mbuzi,
na Hiza akanunua migebuka mikavu, kilo nne,
akaifunga nyuma ya kiti kwa mpira wa tairi.
Kilo nne!
Imesota Tunduma katikati ya malori,
imenyeshewa Makambako hadi ikataka kufufuka,
ikaanikwa upya Iringa juu ya uzio wa nyumba ya wageni,
na mwenye nyumba akatudai elfu mbili za harufu.

Kitonga mnyororo wa Ambakisye ulikatika.
Tumpale ndiye aliyeuunga,
kwa kiungo alichokuwa amekificha ndani ya soksi,
malori yakishuka yananguruma jirani na visigino vyake.
Alipomaliza hakusema neno.
Alijifuta grisi kwenye shati la Ambakisye,
shati likiwa mwilini mwa Ambakisye.

Mikumi hatukusimama. Tembo alisimama yeye.

Chalinze, soda mkononi, Tumpale akasema,
kama mtu anayesema leo kuna jua,
kwamba boksa yake imepata mnunuzi.
Kijana wa Chumbageni. Ameshalipa nusu.
"Kesho kutwa narudi Tukuyu kwa basi."
Hiza akauliza bei, akaambiwa, akanyamaza.
Tukamalizia soda zetu.

Segera tukakunja kulia,
na katani ikaanza, mistari imenyooka
kama daftari la mtoto mtiifu,
na machungwa ya Muheza kwa mafungu kando ya lami,
na mimi mwenyeji, niliyeota njia hii wiki nzima,
nikajikuta naichukia kwa ufupi wake.

Mjini nikawapoteza makusudi.
Barabara ya Kumi na Tano naijua macho yamefumbwa,
lakini nikawapitisha ya Nane, nikawarudisha ya Ishirini,
kiplefti tukakizunguka mara tatu
na hakuna aliyeuliza kulikoni.

Langoni kwa shangazi Mwanamkasi
injini nne zikanguruma palepale zilipo.
Kila mmoja akimtazama mwenzake.
Hakuna aliyezima.
Shangazi akatoka na mwiko:
"Zimeni huko, mnaniamshia mtoto!"

Ukimya ukaja kama maji yanapotoka sikioni,
ghafla nikasikia kila kitu:
redio ya jirani, kitunguu kwenye mafuta,
chuma kikipoa, tik, tik.

Hiza akampa furushi kwa mikono miwili.
"Samaki? Mnaniletea samaki, Tanga?"
Akanusa. "Na hawa wamekufa mwaka gani?"
Akawaloweka hata hivyo. Akakuna nazi mbili.

Chai ikamwagikia kisahani.
Mikono yetu haikuwa na habari kwamba tumefika,
ilikuwa bado inatetemeka mahali fulani baada ya Kabuku.
Jirani akachungulia ukutani, akatania:
"Haya, waja leo, waondoka leo?"
"Kesho," akasema Tumpale, na hakucheka.

Usiku nikatoka kwenda chooni, au nilijiambia hivyo.
Uani palikuwa na mwanga wa simu.
Ambakisye ameishika, Tumpale amepiga magoti,
anaupaka oili mnyororo
ambao hatauendesha tena.
Hiza naye alikuwapo, amejifunga shuka.
Nikachuchumaa.

"Umekaza mno," Hiza akasema. "Legeza kidogo."
Tukalegeza.
Tukakaza.
Tukalegeza tena.