Safu ya Mengineyo

Kibirizi wanahesabiwa.
Karani anakaa juu ya kreti la soda, anaandika
dagaa kwa beseni, migebuka kwa kilo,
namba ya mtumbwi, leseni, ushuru, muhuri.
Mimi nimetumwa Katonga,
kwenye miamba, kila Jumamosi,
kuwahesabu wasiokuwa wavuvi.

"Mwakeye," nasema. "Umepata wangapi?"
Bwana Ntahondi wa benki anacheka, kofia usoni.
"Sisi tunapumzika tu, dada. Andika: amepumzika."
Naandika: fimbo mbili, saa nne na robo hadi saa saba,
chambo cha bati, kinang'aa kama kijiko cha chai,
kuhe wanne, ngege mmoja.
Pumziko halina safu.

Fundi Ruhaga, mstaafu wa reli,
amekalia ndoo ya rangi yenye mfuniko.
Ndani mna nini, mzee?
"Maji."
Maji yanapiga teke.

Mkweli ni mtoto, Bukuru,
mshipi wake kauviringisha kwenye chupa ya plastiki.
"Saba. Wawili nishawala," ananionyesha majivu.
Nampima aliyebaki: sentimita kumi na moja.
Anauliza kama kuna zawadi.

Wageni wa hoteli wao hupiga picha,
humbusu samaki, humrudisha majini, hupiga makofi.
Naandika: amerudishwa.
Siandiki kwamba aliondoka kwa ubavu,
jicho moja likitazama mbingu.

Jioni najumlisha pembeni mwa ukurasa.
Fimbo kumi na tisa. Zidisha kwa Jumamosi za mwaka,
ongeza sikukuu, ongeza wale wa Bangwe nisiowafikia.
Penseli inakwisha ncha kabla ya jibu.
Haba na haba, tuliimba darasani, hujaza kibaba;
hakuna aliyetuambia
kibaba humwagika kwa njia hiyohiyo.
Mzaha mzaha, alisema bibi yangu,
na usaha wake hatukuuona bado.

Halafu Jumamosi ya mwisho wa mwezi
mume wangu, Gwimo, akaingia na mfuko wa rambo unaovuja.
"Nilipita tu na akina Ntahondi."
Kuhe. Manjano tumboni kama ganda la ndizi mbivu.
Nikamlaza juu ya meza, nikaleta futi:
hamsini na mbili.
Nikampasua.
Tumbo tupu.
Si dagaa, si kidagaa, si mchanga.

Katika semina walitueleza, nikasinzia nusu,
nusu niliyoisikia ndiyo hii:
kuhe akilea hali.
Yeye na mwenzake husimama juu ya wana
wiki baada ya wiki, wakikonda,
na kila kinachopita karibu hukipiga.
Basi hakuuma kile kijiko kwa njaa.
Alikifukuza.

Nilimpika kwa mawese na nyanya chungu.
Alikuwa mtamu, sitadanganya.
Gwimo alilamba vidole, akaongeza ugali.

Taa ilipowashwa nikafungua daftari.
Jina la mvuaji: nikaliandika lote, na la baba yake,
kama umwandikiavyo mtu usiyemjua.
Chombo: fimbo ya kuazima.
Idadi: mmoja.
Kwenye Mengineyo, safu nyembamba kama uzi,
nikaandika hadi kalamu ikatoka nje ya mstari:
wana, idadi haijulikani,
hatua kumi na tano kutoka mwamba mkubwa,
mchangani, kina cha shingo,
tangu saa tano asubuhi, na mlinzi mmoja.

Gwimo akachungulia begani.
"Umeniandika?"
Nimekuandika.
"Mimi? Kama nani?"

Nje, mbali, taa za wavuaji dagaa
zilikuwa zimejipanga hadi karibu na Kongo.
Wale nawajua wanaitwaje.
Nikaishika penseli.
Nikawa bado nalitafuta neno.